Kiti cha Mbele Hadi Magharibi

Nongwa zote za Mwanabibi siku ile zilikuwa za kiti. Si kiti cha enzi, la. Kiti cha mbele cha boksibodi, gari kuukuu lenye boksi nyuma, ambayo mumewe, Bakari, aliiazima kwa Mwangi wa gereji awapeleke jamaa zake Tsavo kutazama ndovu. Mbele hukaa dereva na mtu mmoja. Nyuma, penye mbao mbili na dirisha la waya, hukaa waliobaki.

Bakari alikuwa na wake wawili na zamu za siku mbili mbili. Jumapili ile, mwaka mmoja kabla ya uhuru, Mwanabibi aliihesabu kuwa yake. Lakini zamu kwao hubadilika magharibi, si alfajiri. Na sheria hiyo aliipigania yeye mwenyewe, Ramadhani iliyopita, kwa ajili ya kuku wa futari. Bakari akamkumbusha kwa upole. Basi Mwanatabu, mke mdogo, akapanda mbele, na Mwanabibi akaondoka Changamwe kasongwa nyuma na watoto watano na sufuria la pilau, huku jirani yao Jael akimtazama kutoka bombani. Hapo ndipo palipomchoma: kuonwa na Jael.

Njia nzima macho yake hayakubanduka kwenye visogo viwili vya mbele. Mwanatabu katoa mkono dirishani, kauegemeza mlangoni, utadhani mke wa DC. Nayo midomo ya Bakari haitulii. Kwa kelele za injini Mwanabibi hakusikia neno, lakini maneno ya namna ile aliyajua. Naye aliwahi kuambiwa, miaka hiyo.

Mbugani, ndovu wekundu kwa vumbi wakavuka njia. Watoto wakalivamia dirisha. Mwanabibi aliambulia mkia.

Mwanatabu akageuka kumuuliza kama amewaona. Akajibu amewaona, mashaallah, kisha akalitazama jua. Pilau likaliwa, twiga wakasifiwa, askari wa mbuga akawakataza watoto kushuka. Yeye na jua tu.

Lilizama walipofika Maji ya Chumvi, njiani kurudi. Wakaswali kando ya njia. Bakari hajamaliza dua, Mwanabibi keshaketi mbele.

Mwanatabu hakuteta. Alikuja dirishani, akamwonyesha mkono wake, umevimba na kukwaruzwa na bati toka kwapani hadi kiwiko.

"Utoe mkono, dada, uukumbatie mlango kwa nje. Kitasa hakishiki. Ukilegeza, utashukia njiani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Gari likaondoka, na midomo ya Bakari ikaanza. Mwanabibi akatega sikio.

"Panda, mpenzi," Bakari alikuwa akiibembeleza injini. "Panda, mama, usiniaibishe. Tukifika nakupa oili mpya."

Wala hakumtupia jicho mkewe aliye pembeni yake.

Nyuma, Mwanatabu alikuwa amejinyoosha, anatafuna ukoko na kucheka na watoto. Mkono wa Mwanabibi ukaanza kufa ganzi. Angeomba wabadilishane, Mwanatabu asingekataa. Lakini taa za matangi ya mafuta ya Changamwe zilikuwa zimekwisha kuonekana, na Jael huchota maji hadi isha.

Akaukaza mlango, akainua kidevu.