Baba wa Kwenye Tangazo

"Tulia, mwanangu. Ukigeuka tena mstari utapinda kama mlevi."

"Mlevi gani?"

"Yeyote."

"Huyo yeyote anaenda wapi asubuhi hii?"

Ndiyo maana mtoto aliitwa Maswali, na baba yake, mpiga pasi wa hoteli, mtaa mzima ukamwita Baba Maswali. Saa kumi na mbili alfajiri alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mtoto kati ya magoti yake, kitana mdomoni, akimaliza mistari miwili ya mwisho. Mama alikuwa ameshaondoka tangu saa tisa usiku kwenda kuoka mikate, maana mikate ya watu lazima iwe dukani kabla hawajaamka. Kwa hiyo asubuhi za nyumba ile zilikuwa za baba: uji, sare, nywele. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Mwanzoni alimsuka mtoto hovyo mpaka mwalimu akauliza kama ameanguka. Sasa vidole vyake, vilivyozoea kunyoosha kola mia moja kwa siku, vilisuka mistari iliyonyooka hasa.

Mistari hiyo ndiyo iliyowaletea bahati. Wiki iliyopita mwanamke mmoja wa kampuni ya matangazo alimwona Maswali kwenye geti la shule, akamzunguka mara mbili, akasema hiki ndicho kichwa anachokitafuta. Lilikuwa tangazo la mafuta ya nywele, la televisheni. Malipo yangetosha viatu vya shule, maana vya sasa vilikuwa vinacheka mbele, na nusu ya kodi ya chumba. Baba Maswali akaenda kwa msimamizi wake kuomba ruhusa ya siku moja.

"Ya nini?"

"Kumpeleka mtoto mahali."

"Kwani mtoto hana mama?" Msimamizi alitoa fomu kwenye droo, akaigonga kwa kalamu. "Soma mwenyewe. Ruhusa ya mtoto ni ya mfanyakazi wa kike. Sikuandika mimi. Ukienda, nakukata mshahara wa siku."

Akakatwa siku, akaenda.

Studio ilikuwa ghala la zamani lenye mabati ya moto. Katikati walikuwa wamejenga nusu sebule: kuta mbili, kochi jeupe, pazia, na dirisha lisilotazama popote. Nusu hiyo peke yake ilikuwa kubwa kuliko chumba chao kizima. Maswali alitaka kujua watu wa nyumba ile wakinyeshewa wanakimbilia wapi. Kabla hajajibiwa alimwona mtu aliyekaa kwenye kochi, akapiga ukelele.

"Baba Sabuni!"

Nani asiyemjua Baba Sabuni? Kwenye tangazo la sabuni alichanganya fulana nyekundu na mashuka meupe, akabaki ameachama. Kwenye tangazo la unga aliunguza sufuria. Kwenye la dawa ya mende alipanda juu ya kiti, mkewe akaja kumwokoa. Kwenye tangazo la bima peke yake ndiko alikokuwa na akili, na huko alikuwa marehemu, picha tu ukutani.

"Nimekuwa baba mara kumi na moja, kaka," alimwambia Baba Maswali wakipeana mikono. "Sijaruhusiwa kumfunga mtoto hata kifungo kimoja."

"Na leo?"

"Leo nasuka. Yaani, sijui kusuka." Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyechoka.

Baba Maswali hakuelewa mpaka msichana wa mapambo alipomkalisha Maswali na kuanza kumfumua. Kazi ya jana jioni na alfajiri ile ikaisha kwa robo saa. Ndipo mwongozaji, mama mmoja mwenye sauti iliyokauka kwa kupiga kelele, alipowasomea karatasi. Baba anajaribu kumsuka mtoto, nywele zinasimama kama zimepigwa shoti. Mtoto anaitazama kamera na kusema, "Baba hajui kitu! Mamaaa!" Mama anaingia na chupa ya mafuta, bangili zinalia, anamsuka mtoto, mtoto anang'aa. Baba anakuna kichwa.

"Lakini baba anajua," Maswali alisema.

"Ni maigizo tu, mrembo."

"Maigizo ni uongo?"

"Ni mchezo."

"Mchezo wa uongo?"

Watu wote wakacheka. Hawakucheka tena kamera ilipowashwa, kwa sababu mtoto alifunga mdomo kama aliyetiwa gundi. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya saba. Baba Sabuni alivuruga nywele kama alivyolipwa avuruge, akafika pale pa mtoto kusema, na mtoto kimya. Saa sita mjumbe wa kampuni ya mafuta, mwenye tai na jasho, ambaye studio nzima ilimwita Bwana Mafuta, alimvuta Baba Maswali pembeni.

"Mzee, mwambie mwanao aseme. Maneno manne tu! Akikataa, yupo mtoto mwingine chumba cha pili, na mama yake yuko tayari."

Baba Maswali akaenda kuchuchumaa mbele ya binti yake. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, ya kumwomba mwanawe amkane mbele ya nchi nzima. Lakini viatu je? Na siku ambayo tayari ilikuwa imekatwa?

"Sema tu, mwanangu. Mimi najua kwamba najua, na wewe unajua. Inatosha."

"Na watu wa shuleni watajua?"

Baba akamfuta mtoto pua kwa kidole, akasimama.

Mara ya nane Maswali alisema. Alisema kwa sauti ndogo, macho chini, na chozi moja likadondoka kwenye kochi jeupe. Mwongozaji akasema imepita, sauti wataiongeza kwa mitambo. Baba Maswali alikuwa amesimama nyuma ya nyaya. Alijifanya anakohoa.

Baada ya chakula, kilichochelewa mpaka saa tisa, ikawa zamu ya mama wa tangazo. Mwigizaji aliingia amependeza, bangili sita kila mkono, na kucha za kubandika ndefu kama vijiko vya chai.

"Msusi yuko wapi?" aliuliza.

Msusi, ambaye mikono yake ndiyo ingepigwa picha badala ya ya mwigizaji, hakuwepo. Saa tano shule ilimpigia simu kwamba mwanawe ana homa, akaondoka mbio. Mtoto huyo ana baba, tena dereva mwenye gari, lakini shule hupigia mama.

"Basi jaribu wewe," Bwana Mafuta alimwambia mwigizaji.

"Kwa kucha hizi? Mimi mwenyewe husukwa!"

Msichana wa mapambo alijua mawigi tu. Mwongozaji alikuwa na kipara alichokitaka mwenyewe. Saa kumi na moja studio ilipaswa kukabidhiwa kwa watu wengine, na saa ilikuwa imeshagonga kumi. Bwana Mafuta alizunguka akijipepea kwa karatasi. "Yaani humu ndani mmejaa hivi, na hakuna hata mmoja anayejua kusuka?"

Maswali, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu lile chozi, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Baba anajua."

Wakamgeukia. Baba Maswali alivuta kiti, akamweka mtoto kati ya magoti, akagawa nywele kwa ncha ya kitana. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna aliyemwambia mpiga picha asogee, ila alijikuta amesogea.

"Haleluya!" Bwana Mafuta alipiga makofi. "Mikono tu ndiyo itaonekana. Mvalisheni gauni na bangili, mnyoeni hizo nywele za mikononi. Tutakuongezea kitu, mzee."

Msichana wa mapambo alikuja na bangili, poda na wembe. Baba Maswali alimwacha amshike kiganja, kisha akakirudisha polepole. Asubuhi walimtaka mtoto amkane. Sasa ilikuwa zamu yake kujikana mwenyewe.

"Nitasuka," alisema. "Bangili sivai."

"Kwani zina nini?"

"Hii si mikono ya mama yake. Mama yake anakanda unga tangu usiku, saa hizi yuko hoi kitandani. Siku akiwasha televisheni akamwona mwanamke mwingine anamsuka mwanawe kwa mikono yangu, nitamweleza nini?"

Mwigizaji alicheka mpaka kucha moja ikabanduka. Bwana Mafuta hakucheka.

"Bwana wangu, elewa. Wanunuzi wetu ni akina mama. Tumefanya utafiti."

"Chupa hiyo kwetu nainunua mimi. Mmeipunguza, bei mkaipandisha. Na mfuniko wake unavuja. Foronya zote zina madoa, nami najua kwa sababu nazifua. Huo utafiti wenu ulipita mtaani kwetu saa ngapi, mbona haukunikuta?"

Baba Maswali hakuwa mtu wa kujibizana na wenye tai, kazini kwake huwapigia pasi hizo tai. Lakini neno lilishatoka, na hakujuta.

"Mwacheni asuke," Baba Sabuni alisema kutoka kwenye kochi. "Mimi nitakaa pembeni nimshikie chanuo. Angalau nami nishike kitu kwa usalama."

Bwana Mafuta alitoka nje na simu. Wakasikia "ndiyo, mkuu" mara mbili, kisha "hapana, mkuu" mara nyingi. Aliporudi, kola yake ilikuwa imelowa. Mwongozaji akamwonyesha saa ya ukutani.

"Nina dakika arobaini. Bila kusuka hakuna tangazo. Tumpige picha anavyotaka. Mkiichukia, itupeni wenyewe."

"Pigeni," Bwana Mafuta alisema shingo upande. "Lakini siahidi kitu."

"Na mtoto aseme nini?" Baba Sabuni aliuliza.

"Aseme anavyosema nyumbani," mwongozaji alijibu, akawasha taa.

Maswali alijikunja vizuri kati ya magoti ya baba yake. Baba Sabuni aliketi sakafuni na chanuo lake. Mafuta yalimiminwa kiganjani, na harufu ikasambaa.

"Unavuta."

"Sivuti. Tulia."

"Baba, kamera inapumua?"

"Haipumui."

"Mbona mjomba anayeishika naye hapumui?"

Mpiga picha akapaliwa na kicheko, kamera ikayumba, mwongozaji akamwashiria aendelee hivyo hivyo. Mistari ikashuka mmoja baada ya mwingine. Baba Maswali alisahau taa, akasahau na Bwana Mafuta, akawa anang'ang'ana na kijishungi cha kisogoni ambacho siku zote humsumbua. Ndipo mtoto, bila kuambiwa na mtu, alipoinua macho akaitazama kamera.

"Asubuhi mama yuko kazini," alisema. "Mimi nasukwa na baba. Baba anajua."

Mwongozaji aliacha mitambo izunguke kidogo ndipo akasema, "Kata."

Baba Maswali aliinama akajifanya anatafuta kitana kilichokuwa mkononi mwake, maana machozi yalikuwa yameshamlengalenga. Alipoinuka, watu wote walikuwa wanamtazama Bwana Mafuta. Bwana Mafuta alikuwa ameinamia kioo kidogo cha kamera. Akairudisha picha nyuma, akaitazama, akairudisha tena. Akalegeza tai.

"Rudieni," alisema. "Safari hii chupa ionekane."

"Na ile ya asubuhi?" Baba Maswali aliuliza.

"Ile sauti yake ni mbovu kabisa," mwongozaji alidakia haraka. "Haifai."

Bwana Mafuta hakubisha. Baba Maswali akaufumua mstari wa mwisho, akachukua kitana, akauanza upya.