Ikiwa Tumekosea

Nzomo alikuwa na sentensi moja ya Kiingereza aliyoipenda kuliko suti yake ya Jumapili. Ilianza na “If”, yaani ikiwa, na ikamalizia kwa kuomba radhi: ikiwa nimekosea kwa namna yoyote, naomba kwa unyenyekevu unisamehe. Aliipata misheni, akatoka nayo, na miaka yote aliyokaa barazani kwa duka la Mhindi mjini Thika akiwapigia watu barua kwa taipureta, ndiyo iliyomlisha. Mpishi aliyefukuzwa kazi huko Kalimoni kwa kuvunja sahani za memsahibu aliandikiwa hiyo. Kijana aliyesinzia kwenye zamu kiwandani, hiyo hiyo. Watani wake walisema Nzomo ana dawa moja ya magonjwa yote, na waliposema hivyo alicheka nao, kwa sababu wagonjwa wake walikuwa wakipona. Mpishi alirudi jikoni. Kijana alirudi kiwandani. Mabwana wa mashamba walipenda kuombwa.

Wala hakuwa mjanja. Kwao Ukambani mtu haingii kwa mzee na shida yake mkononi. Huketi kwanza, akapewa maji, akasema: ikiwa kuna mahali tulipokukosea, utusamehe. Naye mzee, hata kama ng'ombe wako walimmalizia mahindi yake juzi, hujibu kwamba hakuna kosa. Ndipo maneno yenyewe huanza. Hajazaliwa mzee wa kumgeukia mgeni na kumwuliza, “Ehe, kosa lipi hilo?” Angejiaibisha mbele ya watoto wake. Basi Nzomo alipokutana na ile “If” darasani, aliamini kabisa kwamba Waingereza nao wana mlango huo wa kuingilia, na zaidi ya hapo hakuuliza.

Mwaka 1955, hali ya hatari ikiwa imeikaba nchi, Wayua alimjia Nzomo barazani. Alikuwa mchuma kahawa kwenye shamba moja upande wa Ruiru, mwanamke mwembamba, mpole wa sauti. Mumewe, Mbuvi, ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya posho shambani humo. Asubuhi moja stoo ilikutwa imevunjwa na magunia ya unga hayapo, na kabla ya jua kupanda Mbuvi alikuwa juu ya lori la askari. Walisema amewalisha watu wa msituni, wale waliokuwa wakipigana na serikali. Mbuvi alisema hakumlisha mtu. Alipelekwa kambini, akaambiwa akiri, akakataa, akapigwa, akakataa, mwaka ukapita na zaidi, naye bado anakataa. Sasa Wayua alikuwa amesikia kwamba mke anaweza kumwandikia bwana mkubwa wa kambi kumwombea mumewe. Alitaka mumewe arudi nyumbani, basi. Mtoto wao, Kiilu, alikuwa ameanza kumwita baba kila mwanamume aliyepita mlangoni.

Nzomo aliikunja mikono ya shati akaandika barua nzuri. Nasema nzuri kwa sababu ilikuwa nzuri. Kwa maandishi na kwa moyo hakuwahi kuandika iliyoishinda. Alipofika mahali penyewe aliandika kwamba ikiwa mume wangu aliwapa watu wa msituni unga, alifanya hivyo kwa kutojua, nasi tunaomba radhi. Kisha akamsomea Wayua kwa Kiswahili.

Wayua alifikiri kidogo. “Lakini Mbuvi hakupeana unga.”

“Ndio maana tunasema ikiwa,” Nzomo akamjibu, na akamweleza taratibu kwamba mkubwa hapendi kuambiwa amemfunga mtu bure. Ukimwambia hivyo atamfunga zaidi ili asiumbuke. Mpe njia ya kusamehe na heshima yake iko palepale, naye atasamehe. Wayua aliyaelewa hayo vizuri, kwa maana ndivyo alivyolelewa. Akatia kidole gumba kwenye wino, akakibana chini ya karatasi kwa nguvu, alama ikatoka safi.

Wiki zikapita bila jibu. Aliyeleta habari alikuwa Nicanor, Mluhya waliyesali naye kanisa moja, ambaye alipata kibarua cha kuwapikia maofisa wa kambi ileile. Alikuja Thika kwa likizo, akamkuta Nzomo barazani, akaketi kwenye kiti cha wateja na kungoja mpaka Nzomo akaacha kupiga taipureta.

Nicanor alikuwa amepeleka chai ofisini siku Mbuvi alipoitwa. Aliona karatasi mezani, akamsikia mkalimani akiisoma kwa sauti. Bwana mkubwa alikuwa na furaha. Alisema mwaka mzima wamemtesa mtu huyu kumtoa neno, kumbe neno liko kwa mkewe. Mke anajua habari za unga. Mke amesema watu wa msituni. Waswahili husema lisemwalo lipo, na siku hiyo hata wazungu wa ofisini waliishika methali hiyo. Kisha bwana mkubwa akamwambia Mbuvi kwamba aliyejua na asiripoti ana hatia sawa na aliyetenda, na kesho lori litakwenda Ruiru kumleta huyo mwanamke.

Mbuvi aliomba aone karatasi. Hakujua kusoma. Aliangalia ile alama ya kidole tu.

“Akasema waandike,” Nicanor alisimulia akiangalia viatu vyake. “Akasema ni yeye, yeye peke yake, na bibi yake hakujua kitu. Akarudia hiyo ya bibi mara nyingi, mpaka yule mzungu akamwambia inatosha.”

Alihukumiwa miaka saba ya kazi ngumu, akapelekwa mbali, kwenye joto huko kaskazini, na waliopelekwa huko Nicanor hakuwahi kuwaona wakirudi. Wakati wa kupanda lori alimnong'oneza Nicanor maneno mawili matatu: Wayua asikanyage ofisi yoyote, na asiandike tena.

Nicanor alipoondoka, Nzomo alibaki ameikodolea macho taipureta. Alitamani angekuwa mwongo, angekuwa mlevi aliyeandika ovyo, apate pa kujilaumu. Aliandika kwa adabu yake yote, na adabu hiyo ndiyo iliyomfunga mtu. Mle ofisini hapakuwa na mzee wa kujibu kwamba hakuna kosa. Palikuwa na mtu mwenye kalamu ambaye, ukimwomba radhi, huandika kwamba umekiri. Na wale wote waliopona kwa dawa yake? Walikuwa wakosaji kweli! Sahani ilivunjwa, usingizi ulilalwa. Mtu wa kwanza asiye na kosa kuombewa barazani kwake, Nzomo alimmaliza. Nzomo aliinamisha kichwa mezani akalia mchana kweupe, wateja wakimwona.

Wayua alikuja Jumamosi, ametoka Ruiru kwa gari moshi, kiondo cha maharagwe begani kiwe shukrani. Nzomo hakumwacha aulize. Alimwambia yote kama alivyoambiwa, hakuficha kitu. Wayua alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwomba amsomee tena ile barua, kwa sababu Nzomo alikuwa amebaki na nakala yake. Akamsomea.

“Hiyo maneno ni ya adabu tu, mwalimu,” alisema. “Mtu yeyote angesema hivyo. Kosa iko wapi?”

Wayua alisimama. Alisema atakwenda ofisi ya serikali pale mbele, sasa hivi, awaambie Mbuvi amedanganya kwa ajili yake, unga hakutoa. Nzomo alimshika mkono, jambo ambalo hakupaswa kumfanyia mke wa mtu, akamwambia watamwonyesha kidole chake kwenye karatasi. Akisema barua ni uongo, amemdanganya mkubwa. Akisema ni kweli, alijua na hakuripoti. Mbuvi atabaki alipo, naye atakwenda njia ileile, na mtoto atabaki na nani.

Wayua alikaa tena, polepole. Barabarani watu wa mtaa wa Kamenu walikuwa wakirudi kutoka viwandani.

“Kwa hivyo nikinyamaza, anafungwa. Nikisema, tunafungwa wote.”

“Ndiyo, Mama Kiilu.”

“Basi Mbuvi amenifunga mdomo.” Alijifuta uso kwa leso. “Miaka saba nitanyamaza, na watu wakisema huyo mama ni bibi ya mtu alikubali mwenyewe, nitanyamaza. Kiilu akiuliza kama ni kweli, nitamwambia nini?”

Wayua alimwaga maharagwe mezani kwa sababu alikuwa ameyaleta kwa ajili hiyo, akakunja kiondo, akashuka barazani. Gari moshi la Ruiru lilikuwa karibu kuondoka. Alipiga hatua chache kisha akageuka.

“Wenzangu kwa kahawa wanangoja habari,” alisema. “Nitawaambia barua bado haijajibiwa.”