Zitumie Kama Zako

Maman Eugénie alivuka mpaka kutoka Bukavu Jumanne asubuhi na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mkoba wake. Aliitandaza juu ya meza ya Zulaikha, mama Latifu, fundi wa mikoba, hata kabla hajaketi.

"Maman Latifu, leo sitaki uchore kitu. Patroni ni mimi, patroni ni hii hapa. Wewe kazi yako ni kushona tu!"

Akaucheka mzaha wake mwenyewe, maana kwao bosi ni patroni, na kipande cha kufuatishia unapokata ngozi nacho ni patroni. Zulaikha alitabasamu kwa adabu. Tangu mumewe yuko hai alikuwa akimshonea mama huyu mikoba ya ngozi, naye akiiuza kwao ng'ambo ya mto, na hawakuwahi kukoseana.

"Umeitoa wapi?"

"Nimenunua. Siku hizi nani bado anajitesa kuchora? Unalipa kwa simu, banakutumia, unachapisha kwenye fotokopi, unakata, basi. Fasheni mupya kabisa. Angalia hii kona!"

Zulaikha aliangalia. Ulikuwa mchoro wa mfuniko wa mkoba. Kona ya kushoto ilikuwa ya duara, na ya kulia imekatwa mshazari, kama mkate uliomegwa. Aliweka kiganja juu ya karatasi akapima kwa shibiri, kama alivyozoea kupima kila kitu chake. Shibiri moja na vidole vitatu. Kilikuwa kipimo chake mwenyewe.

Kona ile aliijua. Sultani, mumewe, alipoanza kukohoa, walikwenda hospitali ya Mibirizi kupiga picha ya kifua. Wakati wa kurudi, bahasha ya picha ilichomoka kwenye pikipiki ikagusa bomba la moshi, na pembe moja ikayeyuka. Sultani alipopona mara ile ya kwanza, alimpa picha akamwambia, kata patroni humo, ni ngumu kuliko boksi, tena inaonyesha, utaona kovu la ngozi chini yake kabla hujapitisha kisu. Akakata. Pale palipoyeyuka hapakuwa na la kufanya ila kukata mshazari. Wateja wakapenda, naye akanyamaza. Lilikuwa jambo la yeye na mumewe, halikuwa na haja ya kutangazwa.

"Hii ni yangu," alisema.

"Ayii, Maman Latifu! Kila fundi nikimuonyesha kitu kizuri anasema ni yake."

"Aliyeuza ni nani?"

"Mwavita, wa hapahapa Kamembe. Jina yake iko chini, soma."

Lilikuwapo kweli, kwa herufi za mapambo, na ua pembeni.

Maman Eugénie alimtazama kwa makini. "Mimi nakuheshimu. Lakini nikisikia muntu anaiba fasheni ya mwenzake, siwezi kumpa kazi, hata kama ni wewe. Ninaenda sokoni. Nikirudi saa kumi, Mwavita akuwe hapa aseme mwenyewe."

Mwavita! Miaka tisa walikuwa wamekaa meza moja, mmoja anakata, mwingine anashona, na wakila sahani moja. Sultani alipofariki, Zulaikha aliingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, na kazi za watu zikabaki zimelala. Mwavita ndiye aliyemletea uji kila asubuhi. Ndiye aliyemfungia mlango na kujibu salamu za nje. Siku ya nane Zulaikha alimkabidhi furushi la patroni zake zote, akamwambia, "Chukua, ndugu yangu. Zitumie kama zako." Eda ilipokwisha, furushi lilirudi limefungwa vizuri kwa utepe, na Zulaikha akamshukuru Mungu kwa kumpa mtu wa namna ile.

Zulaikha alimkuta Mwavita kwake, anaanua nguo uani. Mwavita alipoona uso wake hakuuliza kuna nini. Aliendelea kukunja shuka.

"Umeuza patroni zangu."

"Nimeuza nakala za karatasi. Patroni zako nilikurudishia zote, ukazihesabu mwenyewe."

"Mwavita."

"Dada, kuchora unajua, kuuza hujui. Ungezifungia sandukuni mpaka panya wazitie meno. Mimi nimezipeleka kwa watu."

"Kwa jina lako?"

"Ulisema zitumie kama zako. Nimezitumia kama zangu. Kosa langu liko wapi?"

"Nilisema kama. Sikusema ni zako."

Mwavita aliweka shuka begani. "Niletee msahafu niape. Ulisema au hukusema?"

Zulaikha aliona wazi kwamba ataapa, na kiapo chenyewe hakitakuwa na uongo ndani yake. Ni neno lake mwenyewe lililotoka kinywani mwake, akiwa mjane wa siku nane, na mwenzake ameliweka kama mtu anavyoweka risiti. Hilo lilimchoma kuliko karatasi.

"Sikuapishi," alisema. "Saa kumi Maman Eugénie atakuwa kwangu. Njoo umwambie nani alichora. Sitaki kingine kwako, sitaki hata faranga moja."

Baada ya Alasiri alikaa mlangoni. Alikuwa ameanza kuamini hatakuja, na moyoni alitamani asije, maana kukimbia nako ni aina ya aibu, na penye aibu bado pana mtu. Lakini Mwavita alikuja, amejipaka wanja, akasalimia vizuri. Maman Eugénie akafika nyuma yake na vifurushi vya sokoni.

"Haya, sema, mama. Hii ni ya nani?"

Mwavita alishusha pumzi. "Tulichora pamoja," alisema. "Mimi na dada. Hapo kwenye hiyo meza."

Maman Eugénie akapiga makofi. "Si munaona? Mambo imekwisha. Mulichora pamoja, mugawane pamoja, mimi nipate mikoba yangu."

Kazi ile Zulaikha aliihitaji. Angenyamaza, ingekuwa yake, na jina lake lingebaki safi nusu. Mwavita alimtazama kwa macho ya kuomba, macho yaleyale aliyokuwa akiingia nayo na bakuli la uji.

"Kama tulichora pamoja," Zulaikha alisema polepole, "mwambie mama kwa nini kona hii imekatwa."

"Ni fasheni tu, dada. Ulipenda iwe hivyo."

"Nilipenda?"

"Si ndiyo urembo wake?"

Zulaikha aliinuka, akatoa patroni kwenye furushi, akaiinua mlangoni kuelekea mwanga. Mbavu za Sultani zikaonekana, moja juu ya nyingine, na kwenye ukingo wa mshazari alama ya hudhurungi pale palipoungua. Aliwasimulia habari ya bahasha na pikipiki, kwa maneno machache. Maman Eugénie alifanya ishara ya msalaba. Mwavita aliinamisha kichwa.

"Maskini yangu," alisema Maman Eugénie. "Nimeamini. Weye ndiye ulichora, na nitasema hivyo Bukavu nzima." Kisha akaichukua karatasi, akaikunja tena mara nne. "Lakini nikudanganye? Hii karatasi iko na batu wengi sasa. Christelle anayo, Birindwa anayo, banashona tayari. Unanishonea ao nipeleke kwingine?"

Zulaikha alifikiria mikoba ile yote ng'ambo ya mto, kila mmoja na kona iliyoungua, na hakuna hata mtu mmoja anayejua imeunguaje.

"Peleka kwingine, maman. Kwa karatasi hiyo sishoni."

Maman Eugénie alimshika bega, akabeba vifurushi, akashika njia ya mpakani.

Mwavita alibaki. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio, wanja ukachafuka.

"Dada, nisamehe."

"Kwa Mwenyezi Mungu nimekusamehe. Sitakudai huko akhera."

"Basi kesho nije tukate zile ngozi za mikanda?"

Zulaikha alimtazama usoni, kutafuta kama anauliza kwa ujinga au kwa ujanja, akaona kweli hajui alichokivunja. Miaka tisa, na hajui.

"Hapana, Mwavita," alisema. "Kesho nitakata mwenyewe."

Akamsubiri avae viatu, akamsindikiza mpaka njiani kama mgeni.