Pembe za Viwiko

Mashine yangu ni rahisi kueleza. Mtoto anasimama mbele ya kamera, anatanua mikono, na ukutani inajichora pembe aliyoifanya pamoja na idadi ya nyuzi zake. Darasa la tano lilijifunza pembe hivyo, kwa kelele zilizomfanya mwalimu mkuu ahamishe ofisi.

Kisha akaja mtathmini, bwana mmoja aliyenyooka kama rula, na mtihani wa karatasi.

"Mkono mmoja uandike, mwingine utulie juu ya dawati," aliwaambia. "Sitaki kuona mtu anapunga."

"Mzee, hawa wamejifunza kwa mikono," nikamwambia.

"Mtihani wanafanya kwa akili, dada."

Nikasogea pembeni, maana ndiye aliyekuwa anaamua kama mashine itabaki.

Watoto wakakodolea karatasi macho. Hakuna aliyeandika kitu. Nikaona kazi yangu inakwenda na maji.

Ndipo msichana wa dawati la mbele akanyoosha kidole. "Samahani mwalimu, nawashwa mgongo."

"Jikune," mtathmini akamjibu.

Akainua kiwiko, akakikunja taratibu, akakitazama kwa jicho la pembeni, akaandika jibu. Jirani yake naye akawashwa shingo. Punde darasa zima lilikuwa linajikuna, viwiko vimetanuka huku na huku, kalamu zinakimbia.

Mtathmini alisahihisha palepale, akanikabidhi ripoti kwa ncha za vidole. Aliandika: "Wamefaulu wote. Mashine ibaki. Darasa likatibiwe upele haraka."

Akatoka anajikuna.