Tela la Mzee Nyoosha

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Kanyaga breki kweli, Mama Pacha, usiguseguse kama unaonja uji wa moto."

"Nimekanyaga mpaka unyayo unaniuma. Taa yako ndiyo haitaki kazi."

Mzee Nyoosha alikuwa amepiga magoti nyuma ya tela, bisibisi mkononi, kipande cha waya mdomoni. Taa ya kulia iliwaka, ya kushoto ikabaki imefumba jicho. Akauchomoa waya, akaukwangua kwa meno, akauchomeka tena. Ikawaka. Mkewe, aliyekuwa ndani ya gari, akapiga honi kwa furaha, na jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta kama kuna harusi.

"Kuna ukaguzi!" Mama Pacha akamjibu. "Tuombee!"

Mzee Nyoosha alikuwa fundi wa lipu kwa miaka thelathini na moja. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu hakuweza kupita mbele ya ukuta uliopinda bila kuukemea. Mbao zake za jukwaa, ngazi na mapipa havikuingia katika gari lake dogo, kwa hiyo kila alipopata kazi alikodi pikapu. Mafuta yalipopanda, pikapu ikapanda. Mafuta yaliposhuka kidogo, pikapu ikasahau kushuka. Mwaka huo mwenye pikapu ndiye aliyekuwa akila lipu, fundi akabaki kulamba mwiko.

Ndipo alipolinunua tela kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Sakafu ilikuwa imeoza na gurudumu moja limekaa upande kama mguu ulioteguka. Kwa miezi mitatu, kila jioni na kila Jumapili, yeye na mkewe, aliyekuwa mfuaji wa hoteli, waliliuguza uani. Walibadilisha beringi, wakapaka grisi, wakatia mbao mpya, wakasugua kutu kwa brashi ya waya mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha ikaja kazi aliyoipenda Nyoosha kuliko zote: kujaza. Kila kishimo cha kutu kilizibwa kwa puti, kikapigwa msasa, kikazibwa tena, mpaka fremu nzima ikawa laini kama sahani. Juu yake akapaka rangi ya buluu, tabaka tatu.

"Ukimaliza hapo," mkewe alimwambia siku moja, "utaniziba na hiki kishimo cha shavu."

"Hicho kiache. Hicho ndicho kilichonileta kwenu."

Sasa mkandarasi mmoja alikuwa na zahanati ya vyumba kumi na vinne inayosubiri lipu. "Jumatatu saa moja asubuhi," alisema, "njoo na vifaa vyako kwenye tela lenye karatasi. Ukija bila karatasi usijisumbue, nina mtu mwingine." Na kibali cha muda cha kulivuta tela barabarani kilikuwa kinakwisha siku hiyo hiyo, Ijumaa. Kuomba kingine kulichukua wiki sita.

Walifika kwenye uwanja wa ukaguzi saa mbili. Karani wa dirishani aliipokea fomu, akaitazama, akairudisha.

"Inatakiwa nakala mbili."

"Jana mliniambia moja."

"Jana ilikuwa jana, mzee."

Mashine ya nakala ilikuwa kwenye kibanda kimoja tu, nje ya geti, na foleni yake ilizidi ya ofisini. Alipotoka huko, dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya chai. Lilipofunguliwa, karani alikuwa mwingine, na huyu alitaka nakala moja tu. Ya pili Nyoosha akaikunja akaitia mfukoni. Zilikuwa zimebaki saa mbili kabla ya uwanja kufungwa.

Mkaguzi alikuja, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Alilizunguka tela. Akapiga gurudumu teke, akavuta mnyororo, akaamuru taa ziwashwe, zikawaka zote. Nyoosha akaanza kupumua.

"Kazi nzuri," mkaguzi alisema. "Nani kapaka?"

"Mimi mwenyewe, mkuu."

"Vizuri. Namba ya chasisi iko wapi?"

"Hiyo hapo kwenye karatasi ya mauzo."

"Ya kwenye karatasi nimeiona. Nataka ya kwenye chuma."

Nyoosha alinyoosha kidole kuelekea fremu, kidole kikakosa pa kutua. Akainama, akapapasa upande mmoja, akaenda upande wa pili. Kila alipogusa palikuwa laini. Namba hugongwa kwenye chuma kwa vishimo vidogo vidogo, na yeye hakuacha kishimo hata kimoja.

"Nimeiziba," alisema polepole. "Nimeiziba kwa puti."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mkaguzi hakucheka.

"Tela lisilo na namba ni la wizi mpaka ionekane. Likifika saa sita halina namba, linalala hapa, na likilala hapa lina gharama zake."

"Mkuu, we umekagua matela mengi. Kwa kawaida namba hukaa upande gani?"

"Kazi yangu ni kuona, mzee. Kutafuta ni kazi yako."

Akaenda kwenye lori lililofuata. Hakupita muda, mtu mwenye kofia ya manjano akaja kuegemea tela kana kwamba ni lake. Uwanjani pale alijulikana kama Msaada.

"Mkubwa, pole. Usihangaike." Akafungua kitambaa, ndani mmepangwa vyuma vidogo, kila kimoja na tarakimu yake mdomoni. "Namba tisa, nyundo tisa. Dakika kumi unaondoka. Bei ya kawaida."

"Na mkaguzi?"

"Mkaguzi huyo pale," Msaada alisema, na kweli mkaguzi alikuwa ameupa uwanja mgongo, anaitazama miti. "Umemwona akitutazama?"

Nyoosha alivitazama vile vyuma. Aliiona zahanati, kuta kumi na nne mara nne, zote zinamsubiri. Aliona pia rangi yake ya tabaka tatu. Kulikwangua tela zima kungechukua siku mbili, na yeye alikuwa na saa moja na nusu.

"Tukigonga nyingine na ya kwanza bado ipo," Mama Pacha alisema, "tutakuwa na tela lenye majina mawili. Siku wakiliona la pili, atakayelala ndani ni wewe. Huyu Msaada hatamjua mtu."

"Mama, we nani, wakili?" Msaada akauliza.

"Mfuaji. Ndiyo maana najua uchafu." Akamgeukia mumewe. "Baba Pacha, nyamaza kidogo nifikiri."

Akashika nguzo ya tela, akafumba macho.

"Kuna siku nilikuambia hapa kuna mikwaruzo kama maandishi. Ukasema hutaki kuona kishimo hata cha sindano, nizibe. Nikaziba mimi mwenyewe."

"Wapi?"

"Ngoja. Nilikuwa nimekalia ndoo. Mlango wa jiko uko mgongoni kwangu, jua linanipiga shavu hili. Pua ya tela imeelekea bombani, na bomba liko mkono wangu wa kushoto." Akageuka, akajipanga uwanjani kama mtu anayepimwa nguo, akachuchumaa upande wa kushoto wa tela. Mkono wake ukaenda nyuma ya ndoano, hatua moja. "Hapa. Hapa au mimi si mimi."

Nyoosha akaleta kisu cha puti, chupa ya thina na msasa. Kisu alikishika, lakini hakukishusha. Ile ndiyo sehemu iliyong'aa kuliko zote, watu walikuwa wakijitazamia sura.

"Kwangua bwana," mkewe akasema. "Rangi si mtoto."

Akakwangua. Buluu ikatoka kwa maganda, kisha puti ikatoka vumbi. Akamwaga thina, akafuta. Chuma kilichotokea kilikuwa cheusi, kimejaa alama za kutu na za brashi, huwezi kujua ipi ni tarakimu na ipi ni ugonjwa. Dereva wa lori akainama naye.

"Hapo pana saba."

"Hapo pana kutu," mwingine akasema.

Nyoosha alikwenda kwenye buti la gari, akarudi na konzi ya unga wa jasi, ule wa kumalizia dari. Akaupaka juu ya chuma kwa kiganja, akausugua ukaingia kila ufa, kisha akapitisha kitambaa kikavu mara moja tu, kwa mkono mwepesi, kama afanyavyo kwenye kona ya ukuta. Unga wa juu ukaondoka, wa ndani ukabaki. Tarakimu zikasimama nyeupe, moja baada ya nyingine.

Mama Pacha alizisoma kwa sauti, mumewe akazifuata kwenye karatasi. Tisa zote. Msaada akakunja kitambaa chake, akaenda kwa mteja mwingine bila kuaga.

Saa sita kasoro dakika saba mkaguzi alirudi, akachuchumaa, akasoma, akapiga muhuri. Kisha akabaki na karatasi mkononi.

"Ule unga, wewe ni fundi wa lipu?"

"Naam, mkuu."

"Sebuleni kwangu ukuta unabanduka, upande wa dirisha. Kesho Jumamosi utapita utuangalizie. Hivi hivi tu, kibinadamu."

Karatasi ilikuwa bado katikati ya vidole vyake viwili. Tangu saa mbili Nyoosha alikuwa amesema "ndiyo, mkuu" mara nyingi hata ulimi ulishaijua njia. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, kucha zimejaa buluu, na siku hiyo hoteli isingemlipa.

"Nitapita kupima, mkuu," akasema. "Bei yangu ni kwa mita ya mraba, na nusu naipokea kabla sijalowesha mwiko."

Dereva wa lori akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Nyoosha aliunyoosha mkono, na hakuushusha. Mkaguzi aliutazama, akaitazama foleni iliyokuwa inamtazama yeye, akaiachia karatasi.

"Mafundi mmepanda bei sana."

"Kila kitu kimepanda, mkuu," Mama Pacha akasema, "hata sabuni."

Walipopita kona ya tatu Nyoosha aliegesha pembeni, akazima injini.

"Nini tena?"

"Karatasi. Sijaisoma."

Aliisoma karatasi kuanzia juu mpaka jina la kiwanda cha uchapaji lililoandikwa chini kwa herufi za mchwa. Akampa mkewe, naye akaisoma.

"Hapo tulipokwangua, utapaka tena kesho?"

"Sipaki. Njiani kuna askari wengi. Atakayetaka kuona, aone."

Wakafungua madirisha, upepo ukapita.

"Mama Pacha, mi nina njaa."

"Hujala tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi?" Nyoosha alifikiri, akawasha injini. "Nadhani tangu tulinunue hili tela."