Mugole Asiyeinua Macho

Siku hizi watu wa kwetu Kamachumu wakipita Muleba humtembelea mdogo wangu Kokwijuka, humkuta ameketi, humsalimia, kisha hurudi wakitikisa vichwa: "Masikini, hakuna aliyejua." Uongo mtupu! Tulijua wote. Alituambia mwenyewe, kwa kinywa chake, mchana kweupe. Nalisema hili mapema ili mtu asinipotezee muda.

Ilikuwa likizo ya Pasaka, mwaka sabini na tatu. Mimi nilikuwa nimekuja nyumbani kutoka Maruku, nilikokuwa kibarua kwenye kitalu cha miche ya kahawa, naye alikuwa ametoka shule ya bweni mjini Bukoba. Alikuwa kidato cha pili, na umri wake miaka kumi na saba. Kijiji kizima kilikuwa kikimtaja. Baba yetu, mzee Nathanieli, alikuwa na mtindo wa kuliingiza jina la Kokwijuka katika kila mazungumzo, hata ukimwuliza bei ya mbuzi.

Tulikuwa tumelizunguka jani la mgomba lenye chakula. Kokwijuka akarudisha tonge alilokuwa ameshika.

"Mama, naumwa."

"Unaumwa wapi?"

"Sijui pa kushika."

Akaeleza, na alieleza vizuri, maana shule ilikuwa imempa maneno. "Mama, umewahi kuwa kanisani, mara ukakumbuka umeacha moto unawaka jikoni? Basi moyo wangu unakwenda hivyo kutwa nzima, na hakuna moto wowote." Vitabu navyo vilikuwa vimemkataa. Anafungua ukurasa, macho yanapita juu ya maneno, kengele inalia, na hajui alichosoma. Huzuni ilikuwa imemkalia bila mtu kufa. Alikuwa akienda kulilia chooni ili wenzake wasimwone.

"Nataka kwenda hospitali," alisema. "Nipelekeni."

Mama akamshika paji la uso, akasema mbona halina joto.

Nilimpeleka mimi kwenye zahanati moja huko Muleba. Tabibu akamvuta kope, akamgonga mgongo, kisha akauliza mara mbili kama ana mimba, na mara zote mbili alinitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Akatupa klorokwini na vidonge vya kuongeza damu. Kokwijuka alivimeza vyote, kwa utiifu wa mtu anayetaka kupona kwelikweli. Alijikuna mwili mzima siku tatu. Moyo ukaendelea na mbio zake.

Shule ilipofunguliwa hakurudi. Balozi wetu wa nyumba kumi akashauri apelekwe shamba la ujamaa, kwa kuwa kijana akikaa bure huota mawazo. Akaenda. Mama alinisimulia kwamba alilima kidogo, akasimama katikati ya shamba akitazama mbele, jembe mkononi, mpaka wenzake wakampita na kumaliza. Wakamwita kupe. Mtoto aliyekuwa akipika jikoni akiimba masomo ya jiografia, leo anaitwa kupe!

Sikukubali. Nina kichwa kigumu, na shangazi zangu husema ndicho kilichonichelewesha kuolewa. Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye, Alistidia, muuguzi mjini Bukoba. Nilimweleza yote na hata sikumaliza.

"Anatolia, huo ni ugonjwa," alisema. "Una jina lake na una dawa zake. Kuna daktari wa magonjwa ya akili huja na meli kutoka Mwanza, mara chache kwa mwaka. Atakuja mwezi wa nane. Mlete."

Nilirudi Kamachumu nikitabasamu peke yangu ndani ya basi, watu wakadhani nimepata mchumba. Nikamwambia Kokwijuka, kisha baba. Akainuka akafunga mlango, na ilikuwa saa nne asubuhi.

"Umesema magonjwa ya nini?"

"Ya akili, Tata."

"Punguza sauti." Akakaa karibu yangu. "Watu wakija kuchumbia, unajua huuliza nini kwa majirani kabla hawajatufikia?"

Nilijua. Nani asiyejua? Huuliza kama katika ukoo kuna ukoma, kama kuna kifafa, kama kuna wazimu. Wakijibiwa ndiyo, hugeuza njia na pombe yao ya rubisi kichwani.

"Daktari huyo akitajwa hapa, haitakuwa habari ya Kokwijuka peke yake," baba alisema. "Na wewe utafungiwa mlango."

"Kwangu wala hajabisha hodi mtu, Tata."

Hakucheka. Nikaona macho yake yamejaa machozi. Baba mkali ningepigana naye hadi jioni, lakini huyu aliyeogopa alinishinda. Mwezi wa nane daktari akaja, akaondoka.

Dawa ikaletwa na shangazi Kokuberwa, dada yake baba: mume. Alisema msichana akipata nyumba yake mawazo hukimbia, tena haraka, kabla watu hawajaanza kunong'ona. Akampata Kagaruki, dereva wa lori la ushirika huko Muleba, kijana mpole asiye na maneno mengi. Kabla kahawa haijaisha kuanikwa, mambo yakawa yamekwisha.

Kwetu mugole, yaani bibi harusi, hulia anapoondoka kwao. Asipolia watu watasema alikuwa na haraka. Kokwijuka alilia tangu alfajiri. Alilia akipakwa mafuta, akalia akivishwa, akalia mpaka sauti ikakauka, na kadiri alivyolia ndivyo vigelegele vilivyozidi. Huyu kafundwa! Huyu anawapenda wazazi wake! Akanishika mkono, kucha zikaniingia.

"Anatolia, mimi silii kwa ajili ya harusi."

Shangazi alisikia. Akacheka, akamfuta uso kwa upendo kabisa. "Wote husema hivyo, mwanangu."

Sitaisahau sauti ile ya upendo. Ilinikata maini kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa.

Kisha wakamwingiza ugoleni. Shetani mwenyewe angetafuta mahali pa kumficha mgonjwa wa namna ile, asingepata pazuri zaidi. Mugole hukaa chumba cha ndani miezi kadhaa. Hafanyi kazi. Hatoki nje. Haongei kwa sauti, hali mbele ya watu, hainui macho. Mambo yaleyale yaliyomtoa shule na kumpatia jina la kupe shambani, ndani ya chumba kile yalikuwa ni adabu.

Nilikwenda kumwona kabla ya Krismasi. Mama mkwe wake alinipokea kwa mikono miwili.

"Kasinge, waitu! Asanteni, mmetulelea mtoto. Wagole wengine huchungulia dirishani, wakasikiliza wageni. Huyu hata dirisha halijui!"

Akanipa kahawa ya kutafuna, nikatafuna, nikasema asante. Akaniruhusu kuingia kidogo. Kokwijuka alikuwa amelala juu ya mkeka, uso ukutani. Hakunisalimia.

"Umempata daktari?" aliuliza.

"Atakuja tena mwezi wa pili. Ukitoka ugoleni tu, tunakwenda."

"Ni mbali, Anatolia."

"Vumilia."

"Ninavumilia. Lakini ninakwisha. Kila siku ninapungua kidogo, na wao wananiletea maziwa."

Nikatoka nikamwomba mama mkwe amruhusu hata siku moja. Akanitazama kana kwamba nimemwomba aichome nyumba. "Mugole kutolewa kabla ya siku yake? Unataka kutuletea mkosi?" Kwa kweli hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa akimlisha mdogo wangu kwa mkono wake mwenyewe.

Nilipofika barabarani Kagaruki akanifuata. Alisimama pale akikwaruza udongo kwa kiatu.

"Shemeji, nikuulize. Mke wangu hajawahi kuniambia neno zaidi ya ndiyo. Usiku anatazama dari. Mama anasema ndiyo adabu. Ndivyo ilivyo?"

Nikamwambia yote, hata lile neno ambalo baba alilifungia mlango. Nilidhani atanirudishia mdogo wangu jioni ileile. Akaacha kukwaruza udongo.

"Kwa nini hamkuniambia?" alisema. "Siku akitoka, nampeleka mwenyewe."

Nilimpenda shemeji yangu siku ile, na ninampenda hadi leo.

Mwezi wa pili Alistidia akaniletea habari: daktari amefika, yupo hadi Jumatatu. Na Kokwijuka alikuwa akitolewa ugoleni Jumamosi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti pale kitaluni, wenzangu wakanicheka. Niliona sasa tumeshinda.

Jumamosi wakamtoa. Alikuwa amenenepa, amepakwa mafuta, ngozi inang'aa. Wanawake walijipanga uani, na alipopita akiwa ameinamisha macho walipiga vigelegele hadi kuku wakakimbilia migombani. Shangazi Kokuberwa alikuwa akipokea pongezi kama waziri. Alipoketishwa, nikajipenyeza hadi ubavuni mwa mdogo wangu.

"Kokwijuka. Daktari amekuja."

Hakushtuka. "Daktari wa nani?"

"Wako! Yule wa Bukoba. Jumatatu tunakwenda na mume wako, amekubali."

Akafikiri kidogo, kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani.

"Mpe mwingine nafasi," alisema. "Mimi sihitaji kitu."

"Na moyo?"

"Umenyamaza."

"Umepona?"

"Umenyamaza tu, dada."

Nilimtazama usoni, nikamtafuta yule mtoto aliyesema nipelekeni. Hakuwepo. Mbele yangu alikuwa ameketi mwanamke mwenye adabu. Nikaanza kulia, shangazi akanipiga kiwiko, akaninong'oneza kwamba leo ni siku ya furaha.

Jumatatu alfajiri Kagaruki alimbembeleza. Alimpigia magoti, mwanamume mzima, huku mama yake akiona. Kokwijuka alimwambia, kwa upole, kwamba basi litamwacha. Mama mkwe akasema mke wake hajambo, ila yeye Kagaruki ndiye wa kuangaliwa.

Tukaenda wawili. Sijui tulitarajia nini. Labda dawa ya kubeba, labda neno la kumwambia. Alistidia akatuingiza. Daktari alikuwa mtu mwembamba, amechoka, mizigo yake imekwisha fungwa kwa ajili ya meli. Akatupa mkono, kisha akatazama mlangoni nyuma yetu.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Kagaruki alivua kofia.

"Yuko nyumbani, daktari," alisema. "Wanamsifu."