Ukuta Uliokinga Mvua

Kwa miaka kumi na mmoja, kila siku saa tatu asubuhi, mjane waliyemwita Mama Milimita alitoka uani, akafungua kipimamvua, akamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, akachuchumaa mpaka macho yakawa sawa na maji, kisha akaandika daftarini. Hakuwahi kuruka siku, hata ile ya kumzika mumewe.

Halafu shemeji yake, mdogo wa marehemu, akajenga ghorofa kiwanja cha pili. Ukuta ukasimama hatua tatu tu kutoka kwenye kipimamvua, upande uleule mvua inakotokea.

Mvua iliyofuata iliingia mpaka majikoni mwa watu. Asubuhi bilauri ikaonyesha milimita tisa. Alisoma mara tatu, akaandika tisa, roho ikimuuma. Mchana mkuu wa takwimu wa idara ya hali ya hewa, aliyekuwa akipokea namba zake, akapiga simu: vituo vya jirani vimepita arobaini, yeye alikuwa amelala? Akamweleza habari za ukuta. Akaambiwa aandike barua. Aliandika nne, hakujibiwa hata moja.

Akamwendea shemeji.

"Mvua inatoka juu, shemeji," yule akacheka. "Ukuta wangu unaizuiaje?"

"Inakuja na upepo, inapiga mshazari. Ikinyesha, njoo usimame pale. Utabaki mkavu."

Hakuja.

Wiki tano aliandika namba asizoziamini. Siku uvumilivu ulipomwishia, alishika jembe, akang'oa mboga zake katikati ya bustani, akakisimika kipimamvua hapo, peupe. Mvua ya kesho yake ikatoa thelathini na nane.

Safari hii mkuu alikuja mwenyewe, amekunja uso, akiuliza nani kamruhusu. Lakini akavuta futi kutoka ukutani hadi shimo kilimokuwa kipimamvua zamani. Kizuizi chapaswa kuwa mbali angalau mara mbili ya kimo chake, akakiri. Hapa umbali haukufika hata nusu ya huo.

"Kwa hiyo sikulala," Mama Milimita akasema.

"Hukulala, mama. Ila kituo kikihama kinahesabiwa kipya. Rekodi ya zamani inafungwa, na ya msimu huu tunaifuta."

Akamnyooshea daftari jipya. Mama Milimita hakulipokea. Alimfungulia lile la zamani, akampa kalamu, akamwambia aandike kwa mkono wake kwa nini msimu unafutwa. Mkuu akaandika: ukuta.

"Ongeza na barua nne."

Akaongeza, akasaini. Hapo ndipo Mama Milimita alipolichukua lile jipya, bila asante.